BARAFU HAIUI BAKTERIA, INABADILISHA ZAMU TU

Leo siandiki siasa wala mpira, naandika samaki. Najua mtu wa Mwanza kuandika samaki ni kama mtu wa Bukoba kuandika ndizi, lakini nivumilieni. Kuna jambo limenisumbua tangu mwezi uliopita, na nimekaa kafe siku mbili kwa hela ya kukopa mpaka nikalielewa.

Jambo lenyewe ni hili. Mjomba wangu ananunua sangara kwa wavuvi wa visiwani na kuwaleta mjini kwa mtumbwi wa injini. Ndiyo kazi iliyonisomesha mpaka nikamaliza kidato cha nne, kwa hiyo naiheshimu. Safari moja barafu ikachelewa kumfikia. Samaki walitolewa majini saa kumi na mbili asubuhi, wakakaa chini ya turubai mpaka saa tisa alasiri, ndipo barafu ikapatikana. Wakapangwa vizuri tu, barafu chini, samaki, barafu juu, wakalala humo usiku kucha. Kesho yake kiwandani mkaguzi akafunua mashavu, akanusa, akabonyeza mnofu kwa kidole, kisha akasukuma kando zaidi ya nusu ya mzigo. Wamekataliwa. Waliishia kwa watu wa kayabo kwa bei ambayo siitaji hapa, maana Mjomba ana watu wa kumsomea blogu.

Jioni alikaa kibarazani anarudia maneno yale yale: "Samaki kalala kwenye barafu usiku mzima. Barafu inaua wadudu. Sasa kaozaje?" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe mjomba si ulisoma Biolojia?"

Nilisoma. Nilipata D. Sikuwa na jibu.

Sasa ninalo, na naanzia mdomoni mwako. Chukua tonge la ugali mkavu, usimeze, litafune taratibu kama dakika mbili. Utaona linaanza kuwa na utamu wa mbali. Hakuna aliyetia sukari. Mate yako yana kitu kinachoitwa enzaimu, vitabu vya Kiswahili vinasema kimeng'enya, na hicho kinakata wanga wa ugali kuwa vipande vidogo vya sukari. Kimeng'enya ni mkasi, na kila mkasi una kitambaa chake. Wa kukata wanga unaitwa amilesi, wa kukata protini ni protiesi, wa kukata mafuta ni lipesi, na wa kukata nyuzi za mimea kama pamba ni selulesi. Mkasi ukishakata hauishi, unasogea kwenye kipande kingine na kukata tena.

Bakteria hana mdomo wala tumbo. Akikaa juu ya mnofu wa sangara hawezi kung'ata. Anachofanya ni kutema mikasi yake nje, inakata mnofu pale pale, halafu yeye anafyonza supu. Ukishika samaki ukaona ana utelezi usio wa kawaida na nyama imekuwa laini kama imechemshwa, ujue mikasi imeshapita. Harufu nayo inatoka hapo hapo, ni masalia ya protini iliyokatwa na kutafunwa na mamilioni ya bakteria. (Samaki mwenyewe naye ana vimeng'enya vyake, hasa tumboni. Ndiyo maana dagaa wakichelewa kuanikwa matumbo yanapasuka. Hiyo ni kesi nyingine.)

Haya, baridi inaingiaje?

Kimeng'enya cha kawaida kinapenda joto la wastani. Kila joto likishuka nyuzi 10, kasi yake inapungua kama nusu, mara nyingine zaidi ya nusu. Maji ya ziwa letu yanacheza kwenye nyuzi 24 mpaka 28, na bakteria wengi waliozoea maji hayo wamejengwa kwa joto hilo. Ukimtoa samaki kwenye nyuzi 25 ukamfukia kwenye barafu inayoyeyuka, ambayo ni nyuzi 0, wale bakteria wanashikwa na ganzi. Mikasi inakwama. Hawafi lakini! Hapa ndipo Mjomba na mimi, na nadhani nusu ya watu wa Kirumba, tulikuwa tunakosea. Barafu haiui. Inawalaza tu.

Na wakati hao wamelala, wengine wanaamka.

Mwaka 1990 watafiti wakiongozwa na Lone Gram wa Denmark walichapisha utafiti wao kuhusu bakteria wa sangara, huyu huyu wetu wa Ziwa Victoria. Samaki walioachwa kwenye joto la kawaida, nyuzi 20 mpaka 30, waliharibika ndani ya masaa 11 hadi 17. Walipoangalia nani kafanya hiyo kazi, wakakuta wametawala bakteria wa kundi linaloitwa Aeromonas. Samaki wa kwenye barafu wao walikwenda kwa wiki kadhaa, na walipokuja kuharibika, Aeromonas hakuwa tena mwenye mji. Waliotawala ni Pseudomonas.

Nilisoma hapo mara tatu. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, ila waliomuozesha ni tofauti kabisa kutokana na joto. Ni kama kiwanda chenye zamu mbili. Zamu ya mchana ni ya watu wa joto, wengi na wepesi. Baridi ikiingia wanatoka getini, wanaingia wa zamu ya usiku, wachache na wa taratibu, lakini wanajua kazi. Na wa zamu ya usiku hawakuletwa na barafu (labda barafu yenyewe iwe ya maji machafu, na hiyo ipo). Walikuwepo juu ya samaki tangu ziwani, wachache mno katikati ya umati. Barafu iliwaondolea wapinzani.

Ndiyo maana samaki wetu wana sifa ambayo wengi hatuijui. Sangara au sato aliyewahishwa kwenye barafu anaweza kufika wiki tatu mpaka nne akiwa bado analika, wakati chewa wa bahari za kaskazini kule Ulaya, kwenye barafu ile ile, anaishia karibu wiki mbili. Usidhani samaki wao ni dhaifu. Chewa anaishi kwenye maji ya baridi, na bakteria waliomjaa ngozini wameshazoea baridi. Ukimweka kwenye barafu ni kama umewarudisha nyumbani, wanaendelea na kazi siku hiyo hiyo. Bakteria wa samaki wa kitropiki wanaweza kuchukua wiki moja hadi mbili kabla hawajaanza kuongezeka kwenye barafu, na muda huo mfanyabiashara anaupata bure.

Anaupata bure kama hakuuchezea. Tufanye hesabu ya Mjomba. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri ni masaa tisa chini ya turubai, kwenye joto. Kama samaki wa joto la kawaida ana masaa 11 hadi 17 tu, basi zaidi ya nusu ya maisha yake yalishaliwa kabla hajaona barafu. Aeromonas walishazaliana na mikasi ilishatemwa. Barafu ya alasiri iliwapunguza kasi, lakini haikurudisha nyama iliyokatwa. Mkaguzi hakukosea, japo ilituuma.

Mpaka hapa nilikuwa nimepata nilichokitafuta, ningeweza kulipa na kuondoka. Ila nikajiuliza, hawa wa zamu ya usiku wanawezaje? Kwa nini mikasi yao haikwami? Hapo ndipo nikajikuta kwenye habari za bahari ya barafu, na mwenye kafe akaongeza saa ya pili.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, baridi duniani ni kubwa kuliko tunavyodhani sisi wa huku. Ukichukua maji yote ya bahari, kama asilimia 90 yake yana joto lisilofika nyuzi 5. Joto la bahari tunalolijua, lile la Coco Beach au Forodhani, ni la ngozi ya juu tu. Hata bahari yetu wenyewe iko hivyo. Kule nje ya Mtwara na Lindi ambako visima vya gesi vya kina kirefu vilianza kuchimbwa kuanzia mwaka 2010, kuna sehemu maji yanapita mita 1,000 kwenda chini, na huko ni ubaridi wa ndani ya friji, giza totoro mwaka mzima. Yaani Tanzania ina bahari ya baridi, ila imefunikwa na ya moto kama uji unavyofunikwa na utando.

Na huko chini kuna watu. Kwenye kijiko kimoja cha maji ya bahari ya juu unaweza kukuta bakteria kwa mamilioni. Chini wanapungua, lakini hawaishi. Uchafu wa samaki, maiti za vijidudu, vyote vinashuka polepole kama vumbi, na bakteria wa baridi wanavikata kwa mikasi. Wasingekuwepo hao, sakafu ya bahari ingekuwa jalala la tangu enzi na enzi, na virutubisho visingerudi juu kulisha samaki.

Wanaowachunguza wanawagawa makundi mawili. Wapo wapenda baridi hasa, ambao wanastawi kwenye nyuzi 15 kushuka chini, na joto likipita nyuzi 20 hawakui tena. Na wapo wavumilia baridi, ambao wanaweza kuzaliana hata kwenye nyuzi 0 lakini raha yao iko juu ya nyuzi 20. Pseudomonas wa kwenye sangara ni wa kundi hili la pili, mtoto wa mjini, popote kambi. Wa kundi la kwanza mfano wake ni Colwellia psychrerythraea, aliyetolewa kwenye matope ya bahari ya Aktiki. Mpangilio wa vinasaba vyake ulichapishwa mwaka 2005. Huyu raha yake ni kama nyuzi 8. Maji ya bomba ya hapa Mwanza kwake ni homa ya kufa mtu.

Siri zao nitataja mbili tu. Ya kwanza ni ngozi. Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta. Sasa nenda jikoni asubuhi ya Juni, angalia Kimbo na mafuta ya alizeti. Kimbo imeganda, alizeti bado inamiminika. Utando wa bakteria wa joto uko kama Kimbo, ukipigwa na baridi unakuwa mgumu na kinachotakiwa kuingia na kutoka kinakwama. Bakteria wa baridi anajenga utando wake kwa mafuta ya aina ya alizeti. Wengine wanaweza hata kubadilisha, joto likishuka wanaongeza ya kumiminika.

Ya pili ni mkasi wenyewe. Umewahi kushika mkasi mpya wa fundi cherehani, ule ambao msumari wa katikati umekazwa sana? Unakata vizuri lakini unataka nguvu. Kimeng'enya cha joto kiko hivyo, kimekazwa ili kisivunjike kwenye joto, na nguvu ya kukifungua inatoka kwenye joto lenyewe. Cha baridi msumari wake umelegezwa. Kinafunguka na kufunga bila kusukumwa, kwa hiyo kwenye nyuzi 4 kinakata wakati wenzake wamekwama. Gharama yake ni kwamba ukikipasha moto kinaachana. Mfano unaopendwa sana na wanasayansi ni amilesi ya bakteria wa Antaktika aitwaye Pseudoalteromonas haloplanktis, iliyochunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Inafanya kazi vizuri kwenye baridi, na inaharibika kwenye joto ambalo amilesi ya binadamu haisikii hata kidogo.

Kuna jambo moja lilinifurahisha kwa sababu hata mimi wa D nalielewa. Wanajuaje kwamba bakteria fulani anatema mkasi fulani? Mnakumbuka jaribio la chakula, unadondosha iodini kwenye kiazi kinageuka bluu nyeusi? Ni hilo hilo. Wanatengeneza jeli ya agari, inayotokana na mwani mwekundu, wanaimwaga kwenye kisahani kifupi, wanachanganya na wanga. Wanapaka bakteria juu, wanaweka kwenye friji la nyuzi 4 siku kadhaa hata wiki. Bakteria wakishaota vidoti vidoti, wanamwagia iodini. Kisahani kizima kinakuwa cheusi, isipokuwa pale palipo na mtema amilesi, amezungukwa na duara jeupe kama mbalamwezi. Wanga umeshaliwa hapo. Ukitaka protiesi unaweka maziwa badala ya wanga, kisahani kinakuwa cheupe na anayekata protini anazungukwa na duara linaloonyesha. Tope la sehemu moja tu ya bahari linaweza kukupa wa kila aina, mwingine ana mikasi miwili, mwingine mitatu.

Ila njia hiyo inawaona wachache. Bakteria wengi sana wa baharini hawakubali kuota kwenye kisahani, inakadiriwa wanaokubali hawafiki hata mmoja kwa mia. Ni kama kuhesabu watu wa Pasiansi kwa kuangalia waliokaa kwenye kijiwe cha kahawa. Siku hizi wanachofanya ni kuchota maji au tope, kutoa DNA yote iliyomo bila kumuotesha mtu, na kusoma kipande kimoja ambacho bakteria wote wanacho lakini kila aina anakiandika kidogo tofauti. Hapo ndipo walipogundua kwamba baridi ina majina mengi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona kwenye kisahani.

Turudi nyumbani kidogo, kwenye maziwa. Nilisema mkasi wa baridi unaachana ukipashwa moto. Kuna mkaidi, na ni yule yule Pseudomonas. Maziwa mabichi yakikaa kwenye tangi la baridi siku mbili tatu kabla ya kwenda kiwandani, zamu ya usiku inaingia kazini, Pseudomonas wanatema protiesi na lipesi. Baadaye maziwa yanachemshwa na bakteria wote wanakufa. Lakini baadhi ya mikasi waliyoiacha inastahimili moto, hata ule mkali wa maziwa ya pakiti ya kukaa miezi. Inaendelea kukata taratibu ndani ya pakiti iliyofungwa. Siku unaifungua, maziwa ni machungu au yameganda kama jeli, na tarehe haijapita. Mwenye mkasi amekufa zamani, mkasi bado unakata. Kwa hiyo maziwa au samaki aliyekaa siku nyingi kwenye friji kabla ya kupikwa si sawa na yule wa leo, hata ukichemsha mpaka sufuria lilie.

Na kwenye friza je? Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaliani kabisa. Lakini wengi wao hawafi, na vimeng'enya vya mafuta vinaweza kuendelea kidogo kidogo. Ndiyo ile ladha ya ukakasi ya samaki wa friza wa muda mrefu. Halafu umeme ukatike masaa nane, urudi, ukatike tena, kila ukikatika wanaamka. Sitaji shirika lolote hapa.

Sasa kuna pesa, na hapa naomba vijana mnaosoma muwe makini. Sabuni nyingi za unga za kufulia zina vimeng'enya vya bakteria, na hii biashara ilishika kasi tangu miaka ya 1960. Protiesi inakata damu na jasho, amilesi inakata uji, lipesi inakata mafuta. Ulaya wanafua kwa mashine, na umeme mwingi wa mashine unakwenda kwenye kupasha maji. Wakipata mkasi unaokata kwenye maji ya baridi, wanaokoa umeme. Ndiyo maana makampuni yanawatafuta hawa wa bahari ya baridi kama watu wanaotafuta dhahabu Geita. (Sisi wa huku tumefua kwa maji ya ziwa miaka yote bila kuita ni teknolojia.)

Mnaweza kusema hayo ni ya wenye bahari za barafu, hayatuhusu. Yanatuhusu, kwa sababu mchezo huo huo ulishachezwa jirani hapa, ila kwa bakteria wa aina nyingine. Maziwa ya magadi ya Kenya, kama Bogoria na Nakuru, yana maji makali ambayo ukinawa macho unajuta, na Bogoria ina chemchemi zinazotokota kabisa. Bakteria wa huko mikasi yao imezoea magadi, na sabuni nayo ni magadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi kutoka nje walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Kenya. Kutokana na sampuli za maziwa hayo, kampuni ya Genencor ikapata vimeng'enya vya biashara, kikiwemo cha kuzeesha jinzi. Zamani jinzi za mtindo wa kuchakaa zilikuwa zinazungushwa na mawe kwenye mashine kubwa. Selulesi inafanya kazi hiyo kwa kukata nyuzi za juu za pamba na kuiachia rangi itoke. Kwa hiyo unaweza kwenda Mlango Mmoja kununua jinzi ya mtumba iliyopauka kwa mtindo huo, na huwezi kujua imepitia mkasi wa nani.

Mwaka 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lilisimama hadharani likasema bakteria walichukuliwa bila kibali sahihi na kwamba Kenya inastahili sehemu ya faida. Kelele zikawa kubwa, magazeti yakaandika. Mwaka 2007 KWS wakasaini makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, ya kutafuta vijidudu kwenye hifadhi kwa masharti yaliyoandikwa. Mwaka 2010 dunia ikapitisha Itifaki ya Nagoya inayosema ukichukua kiumbe cha nchi ya watu, hata kama hakionekani kwa macho, uombe na mgawane. Kwetu mtafiti anayetaka kuja anapitia COSTECH kupata kibali.

Mimi maoni yangu ni kwamba kibali peke yake hakitoshi. Tuna Natron, tuna Manyara, tuna bahari ya kina kirefu ya baridi, tuna mizigo ya samaki yenye bakteria wa zamu zote mbili inayopita Mwaloni kila siku. Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki na kuna chuo cha uvuvi. Kisahani cha agari, maziwa na iodini si roketi. Ukimjua bakteria wako wewe kwanza, mgeni akija kuchota tope mnakaa mezani mkiongea lugha moja. Vinginevyo tutakuwa tunakataliwa samaki na huku mikasi iliyomla inauzwa kwenye pakiti za sabuni.

Nimemaliza kutoa povu. Nirudi kwa Mjomba.

Nilimweleza yote hayo kibarazani, ila Colwellia nilimruka. Alisikiliza kimya, akachokoa meno, akauliza: "Kwa hiyo barafu haiui?"

"Haiui, mjomba."

"Basi kumngojea mtu wa barafu kule kisiwani ni kumngojea mwizi."

Sasa anaondoka na barafu yake kutoka mjini, kwenye kasha lenye kuta nene. Anaongeza gharama ya mafuta kwa sababu ya uzito, na nafasi ya samaki inapungua, maana kwa joto letu hesabu inayoshauriwa ni kama kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kitu kingine alichobadilisha ni maji ya barafu iliyoyeyuka. Zamani alikuwa anayaacha chini ya kasha kwa kuwa "bado ni ya baridi". Kumbe ndimo zamu ya usiku inaogelea, na samaki wa chini wanaloweka humo. Ametoboa tundu, yanatoka.

Safari yake ya kwanza kwa utaratibu huo walikataliwa samaki wawili tu. Nikamuuliza hao wawili vipi, akasema hao walikutwa wameshafia kwenye nyavu, huenda tangu usiku wa manane. Nikapiga hesabu kichwani, usiku wa manane mpaka alfajiri ni masaa sita ndani ya maji ya nyuzi 25. Saa yao ilianza kuhesabu kabla hata hawajavutwa.

Wadau mnaofanya kazi kwenye mitumbwi, mkiwa Ukerewe, Kome, Musoma au hata baharini: kwenu inachukua masaa mangapi tangu samaki atoke majini mpaka aguse barafu? Andikeni hapo chini, Mjomba atasomewa.